“CT ya tumbo, maumivu”: kwa nini fomu yako ilirudishwa

Swali: Mimi ni afisa wa kliniki katika zahanati ya mtu binafsi huku Likoni. Majuzi nilimtuma mjini mama wa miaka 58 akapigwe CT ya tumbo, ile picha ya mionzi inayotengenezwa na kompyuta. Alivuka feri asubuhi, akapanga foleni, mwishowe akarudishwa na fomu ile ile, eti haina maelezo ya mgonjwa. Nilikuwa nimeandika “CT ya tumbo, maumivu”. Nimekasirika, na mgonjwa kanikasirikia mimi. Kwani picha si hujionyesha yenyewe? Halafu nikiandika ninachoshuku, si nitakuwa nimemtia daktari wa picha maneno kinywani? Na la mwisho: wagonjwa hubeba fomu mikononi. Mwenye virusi vya ukimwi nimwandikeje?

Jibu: Ndugu yangu, pole, na umfikishie pole huyo mama. Kituo kilichomrudisha kilikuwa na haki ya kuuliza, ila sioni kwa nini kimvukishe maji mara mbili mtu anayeshika tumbo. Simu moja kwako ingemaliza. Hapo nawalaumu wenzangu wa radiolojia. Lakini na fomu yako siwezi kuitetea, na nitakuonyesha kwa nini kwa kumtumia mgonjwa wako huyo huyo.

Ukiandika “CT ya tumbo” unadhani umeagiza kitu kimoja. Umeagiza vipimo vitano au sita vinavyopigwa kwenye mashine moja. Ni kama kumtuma mtoto sokoni Kongowea alete samaki bila kumwambia ni wa kupaka au wa kukaanga. Atarudi na samaki, ndiyo, lakini huenda si wa chungu chako.

Tuseme maumivu ya mama huyo yanaanzia ubavuni, yanashuka hadi kinenani, yanakuja na kuondoka, na mkojo una damu. Unashuku jiwe kwenye mrija wa mkojo. Hapo tunampiga bila dawa yoyote ya mshipani na kwa mionzi midogo, maana jiwe huonekana jeupe lenyewe. Tukimdunga kontrasti, ile dawa inayofanya mishipa na viungo ving’ae, nayo ikianza kushuka kupitia figo itaonekana nyeupe vilevile, na jiwe dogo litapotelea humo.

Tuseme badala yake amekonda kwa miezi mitatu, macho yamekuwa manjano na maumivu yanapenya hadi mgongoni. Sasa unaogopa saratani ya kongosho. Kontrasti inakuwa lazima, tena picha zipigwe mara mbili kwa wakati wake: kiasi cha sekunde 40 baada ya sindano, kongosho inapokuwa imejaa dawa na uvimbe ukabaki na weusi wake, kisha karibu na sekunde 70, wakati ini limejaa. Sekunde hizo zikipita hazirudi ila kwa sindano nyingine na mionzi mingine.

Au moyo wake unapiga ovyo, na maumivu yamemshika ghafla, makali mno, ilhali ukimbonyeza tumbo hukuti kitu cha kulingana na anavyolia. Unafikiria mshipa unaolisha utumbo umeziba. Hapo tunaifuata mishipa ya ateri, na tunakimbia, kwa sababu utumbo usiopata damu hufa kwa muda wa saa chache.

Na kama maumivu yako chini ya mbavu za kulia, yanamjia akishakula vyakula vya mafuta, basi CT ya nini? Mwambie asile kwa saa sita hadi nane umpeleke ultrasaundi. Baadhi ya mawe ya nyongo hayaonekani kwenye CT. Ultrasaundi inayaona, haina mionzi, na bei yake haikaribii ya CT.

Mama ni yule yule, na radiografa, yule mpiga picha aliyeshika fomu yako, hana la kumsaidia kuchagua. Anaweza kubahatisha, na wengi hubahatisha: wanapiga “ile ya kawaida”, ripoti inatoka safi, na wewe unaiweka kwenye faili ukiamini hakuna kitu. Mimi naiogopa ripoti safi ya kipimo kisichofaa kuliko fomu iliyorudishwa. Fomu iliyorudishwa inakuudhi, basi. Ripoti ile inakutuliza bure, na wewe unamtuliza mgonjwa.

Kuna na suala la mionzi. Eksirei moja ya kifua humpa mtu takriban milisiveti 0.1 au pungufu (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). CT ya tumbo hufika 8 au 10. Mionzi ya asili tunayoipata sote kutoka ardhini, angani na kwenye chakula ni wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka duniani, kwa hiyo CT moja ya tumbo ni kama miaka mitatu au minne ya mionzi hiyo kwa mkupuo mmoja. Ikirudiwa kwa kuwa mara ya kwanza ilipigwa ndivyo sivyo, hesabu inajirudia. Sisemi haya kumtisha mgonjwa mwenye haja ya kipimo. Hatari ni ndogo na faida huwa kubwa. Lakini kanuni ya kwanza ya kinga ya mionzi, popote duniani, ni kwamba kila kipimo kiwe na sababu, na sababu hiyo anayeijua ni wewe uliyemshika mgonjwa mkono. Uingereza wameliingiza jambo hili katika sheria: kanuni zao za 2017 zinamtaka anayeomba picha atoe maelezo ya kutosha, na bila sababu inayoeleweka mionzi haipigwi.

Yapo maelezo mengine ambayo hayahusu kusoma picha hata kidogo. Yanahusu mgonjwa kurudi nyumbani salama. Kabla ya kontrasti nataka kujua figo zake: kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ilikuwa ngapi na ilipimwa lini. Nataka kujua kama ana kisukari na anameza metformini, kwa sababu kiwango cha uchujaji wa figo kikiwa chini ya 30, dawa hiyo husimamishwa siku ya kipimo na hairudishwi mpaka zipite saa 48 na figo zipimwe upya. Wagonjwa wa sukari hapa Mombasa hawahesabiki, na wengi wakiulizwa dirishani dawa wanazotumia hujibu “vile vidonge vyeupe”. Wewe unavijua kwa majina.

Na hapa pwani kuna jambo nimechoka kulisahihisha. Fomu inakuja imeandikwa kwamba mgonjwa hudhurika akila kamba au pweza, basi asidungwe kontrasti kwa sababu ina ayodini. Aliyevimba midomo kwa kamba, mwili wake unagombana na protini ya kamba. Ayodini haimo katika ugomvi huo, na jambo hilo peke yake halimzuii mtu kupata kontrasti. Tunachotaka kujua ni kama aliwahi kudungwa kontrasti yenyewe akatoka upele, akavimba uso au akakosa pumzi. Hilo liandike kwa herufi kubwa. Pumu nayo itaje.

MRI, mashine nyingine ya picha, haina mionzi, ila ina sumaku isiyozimwa hata usiku. Kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, klipu iliyofungwa kwenye mshipa wa ubongo, kifaa cha kusikilia kilichopandikizwa, vyote vitajwe kabla mtu hajafika mlangoni. Watu husahau jicho. Fundi wa kuchomelea vyuma wa Changamwe au wa bandarini Kilindini, ambaye cheche ilimrukia jichoni miaka kumi iliyopita, anaweza kuwa bado na kipande cha chuma humo. Haumwi, anaona vizuri, amesahau. Sumaku haisahau: inaweza kukisogeza kipande kile na kuliharibu jicho. Ukiandika kazi yake tu, sisi tutampiga eksirei ya macho kwanza.

Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, tarehe ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho tunaihitaji kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: mionzi na mimba. Ya pili ni kwamba ultrasaundi ya nyonga bila tarehe hiyo husomeka visivyo. Kizazi kitupu kwa mwenye mimba ya wiki nne ni jambo la kawaida, maana ni mapema mno kuona chochote. Kizazi kitupu hicho hicho kwa mwenye mimba ya wiki nane, kipimo cha mkojo chanya, maumivu upande mmoja, ni mimba iliyotunga nje mpaka ithibitike vingine, na mtu huyo hapaswi kutoka hospitalini akapande matatu.

Kichwa nacho. “CT ya kichwa, kichwa kinauma” haituambii kitu, lakini “kichwa kilimuuma ghafla kama aliyepigwa, saa tatu asubuhi leo, akatapika, shingo imekaza” inatuambia tutafute damu. Damu mbichi ndani ya fuvu ni nyeupe kwenye CT, na kontrasti ni nyeupe, kwa hiyo hatuanzi na kontrasti. Saa uliyoandika nayo ina kazi. CT ikipigwa ndani ya saa sita za mwanzo ni nadra sana kuikosa damu hiyo, ilhali ikipigwa siku ya nne damu imeshafifia, na picha safi haitoshi kumruhusu mtu aende zake. Mgonjwa wa kiharusi vivyo hivyo: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kabla hazijapita saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kama hakuna aliyeona zilipoanza, uandike saa ya mwisho alipoonekana mzima. (Na tafadhali, kama unaandika kwa saa za Kiswahili, andika na “asubuhi” au “usiku”. “Saa 3” ikisomwa na mtu wa saa za Kizungu inamsogeza mgonjwa kwa saa sita.)

Labda utasema hayo ni ya mashine kubwa, zahanati yako hutuma zaidi eksirei. Eksirei ndiko hasara inakojificha. Kijana ameanguka na bodaboda, amejikinga kwa kiganja, na ukimbonyeza kwenye kile kibonde chini ya kidole gumba anaruka. Ukiandika “eksirei ya kifundo cha mkono, maumivu”, tutampiga pande mbili za kawaida na mfupa mdogo uitwao skafoidi utakuwa umejificha nyuma ya wenzake. Ukiandika pale hasa panapomuuma, radiografa anaongeza picha za kuulenga mfupa ule. Hata ikitoka safi, ripoti itakwambia umfunge mkono na umrudie baada ya siku 10 hadi 14, kwa sababu ufa wa skafoidi mara nyingi hauonekani siku ya kwanza, na mfupa huo damu yake huupata kwa shida. Ukipuuzwa, sehemu yake hufa. Kijana wa miaka 20 anabaki na kifundo cha mzee.

Kwa kifundo cha mguu ziko kanuni za Ottawa, zilizochapishwa mwaka 1992, ambazo kila mtu wa kliniki angefaa kuzijua kwa moyo: kama mgonjwa aliweza kwenda hatua nne, baada ya kuumia na pia mbele yako, na ukimbonyeza ukingo wa nyuma wa mifupa miwili ya pembeni, sentimita sita za mwisho, haumii, wala haumii kwenye mifupa ya katikati ya mguu, basi karibu hakika hakijavunjika na eksirei ni pesa ya bure. Ukishapima hayo, tayari una cha kuandika kwenye fomu. Ndiyo maana nasema fomu tupu mara nyingi ni dalili ya mgonjwa ambaye hakubonyezwa. Samahani kwa ukali huo, simaanishi wewe, lakini fomu kama hizo naziona.

Mwiba wa samaki kooni, maradhi yetu sisi watu wa pwani. Si kila mwiba huonekana kwa eksirei, ya samaki wengine ni laini mno. Niandikie amekula samaki gani, lini, na kidole anakiweka wapi akiulizwa panapochoma. Kama picha ni safi lakini bado anatema mate na hawezi kumeza, hiyo picha isimrudishe nyumbani, anahitaji mtu wa kumtazama koo kwa kamera. Na mtoto wa miaka miwili aliyekabwa ghafla akitafuna karanga, kisha akaanza kukoroma upande mmoja wa kifua: karanga haionekani kabisa. Ukitueleza kisa, tutampiga akiwa anatoa pumzi, na pafu lililozibwa litabaki limejaa hewa wakati mwenzake limesinyaa. Bila kisa tutampiga akiwa amevuta pumzi kama wote, na tutasema kifua ni kizuri.

Kisha kuna historia, na hapa ndipo daktari wa picha anapokutegemea kuliko popote. Wengi wetu siku hizi tunasoma picha tukiwa mbali. Ya Mombasa inaweza kusomwa Nairobi na mtu ambaye hatamwona mgonjwa maisha yake yote. Anaona kovu juu ya pafu la kulia. Ni TB inayoendelea, au ni alama ya ile iliyotibiwa miaka minane iliyopita ikapona? Kovu halina tarehe. Ukiandika “alimaliza dawa za TB 2017, sasa hana homa wala hajakonda”, ripoti inakuwa nyingine. Ukimwambia mgonjwa abebe na ile eksirei ya zamani iliyo chini ya godoro, mara nyingi suala linaisha hapo hapo, maana kovu lisilobadilika kwa miaka mingi huwa halina neno. Kati ya yote ninayokuomba, filamu ya zamani ndiyo yenye thamani kubwa na ndiyo isiyogharimu chochote.

Pwani ina na mambo yake. Mtoto mwenye selimundu akiumwa mfupa, inaweza kuwa mfupa umekosa damu au umeingiliwa na wadudu, na picha ya mwanzo ya haya mawili hufanana. Mtu aliyekulia Kwale akiogelea kwenye mabwawa anaweza kuonekana na kibofu chenye ukuta mnene na mstari mweupe wa chokaa. Anayejua habari za kichocho anakitambua, asiyejua alikokulia mgonjwa anaweza kuwaza mengine. Si kwamba kichocho kikitajwa tunatulia, kwa sababu kibofu kilichoishi na kichocho miaka mingi kina hatari zaidi ya saratani. Lakini tunajua tunatazama nini. Taja na upasuaji wowote. Nyongo iliyotolewa, kizazi kilichotolewa, figo moja: bila habari hizo ripoti hupoteza mistari ikieleza kwa nini kitu hakionekani.

Ile sentensi inayokukera mwishoni mwa ripoti, “linganisha na hali ya mgonjwa”, sasa umeijua inakotoka. Mara nyingi ni ya mtu ambaye hali ya mgonjwa hakuambiwa.

Nije kwenye hofu yako ya pili, maana si ya kupuuzwa. Ukiniandikia “nashuku TB”, je, sitaiona TB pasipokuwa na TB? Hatari hiyo ipo. Mwanadamu huona anachokitarajia, na akishakipata huacha kutafuta kingine. Hili limechunguzwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2004 katika jarida la kitabibu la JAMA yaliwalinganisha wasomaji wa vipimo waliopewa maelezo ya mgonjwa na wasiopewa, na kwa jumla waliopewa walisoma kwa usahihi zaidi: walizigundua kasoro nyingi zaidi bila kuzua zisizokuwepo. Wengi wetu tuna kawaida ya kuitazama picha kwanza bila kusoma fomu, kisha tunasoma fomu na kuirudia picha. Hiyo ni kazi yetu, tuachie sisi. Yako ni kutuambia unachoshuku na pia unachokiogopa, hata kama viwili hivyo havilingani. “Nadhani ni nimonia, naogopa saratani kwa sababu ni mvutaji wa miaka 30” ni sentensi nzuri sana.

Kinachopotosha ni uongo. Kuna wanaoandika “aligonga kichwa akapoteza fahamu” ili mgonjwa apate nafasi haraka, au wanaongeza chumvi ili bima ikubali. Naelewa wanakotoka, mfumo unawasukuma. Lakini mimi nitapiga na kusoma kwa ajili ya kichwa kilichogongwa, na uvimbe uliokuwa ukiuwaza wewe ulihitaji kontrasti ambayo sikuitia.

Sasa uandike vipi, na nafasi kwenye fomu ni mistari miwili? Miwili inatosha. Tuseme mama yako ni yule wa kongosho, fomu ingesomeka hivi:

“Mama, miaka 58. Maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya mgongoni, miezi 3. Amekonda kilo 9. Macho manjano wiki 2. Nyongo inashikika, haiumi. Kisukari, anatumia metformini. Kreatinini ya kawaida, wiki iliyopita. Hajawahi kudungwa kontrasti. Swali: kuna uvimbe kwenye kichwa cha kongosho? Umeenea ini?”

Hakuna insha hapo. Kuna kinachomsumbua na tangu lini, ulichokikuta kwa mikono yako, yanayoweza kumdhuru, na swali. Ukikosa muda wa yote, anza na swali. Ripoti nzuri hujibu swali katika mstari wake wa mwisho, nami siwezi kujibu nisiloulizwa. Kama hujui kipimo gani kinafaa, liache jina la kipimo wazi, uandike shida, tutakuchagulia. Hiyo si aibu. Ningependa fomu za namna hiyo ziongezeke. Upande wa mwili andika kwa neno zima, kulia au kushoto, usiweke herufi moja, maana mwandiko wetu wa kitabibu tunaujua wenyewe.

Na namba yako ya simu. Fomu ngapi zinakuja na muhuri mkubwa na sahihi ya mbwembwe, lakini namba hakuna! Nikikuta hewa imelivunja pafu, au damu tumboni, nampigia nani? Mgonjwa ameshavuka kurudi ng’ambo, simu yake imezimika, na ripoti itakaa kwenye kompyuta mpaka mtu aifungue.

La virusi vya ukimwi ndilo gumu zaidi kati ya maswali yako. Kitabibu, habari hiyo nzito. TB kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana haifanyi matundu juu ya mapafu kama ilivyo vitabuni. Hujitokeza kama tezi zilizovimba katikati ya kifua, au vidoa vidogo vilivyotapakaa kote, au eksirei inakuwa safi kabisa na TB ipo. Kwenye ubongo tunafikiria maradhi mengine, na tunahitaji kontrasti. Kisheria, sheria yetu ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti ukimwi inalinda siri ya hali ya mtu, na ile ya ulinzi wa data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kwa hiyo anza kwa kumuuliza mwenyewe. Mweleze kwa nini daktari wa picha anahitaji kujua. Wengi hukubali wakielezwa, kinachowatisha ni karatasi kusomwa na jirani kwenye foleni.

Akikubali, fomu ya wazi ibaki na mambo ya kawaida, na hali yake pamoja na hesabu ya CD4, zile chembe za kinga, viwe kwenye bahasha iliyogundishwa, iliyoandikwa ni ya daktari wa radiolojia pekee. Au nipigie. Hivi vifupisho vya herufi tatu tunavyovitumia kana kwamba ni siri, mjini hapa havimfichi mtu. Makarani wanavijua, na wagonjwa wenyewe wanavijua. Akisema andika tu kwamba kinga yangu imeshuka, basi andika hivyo hivyo. Kinga hushushwa na mengi, kisukari na dawa za saratani zikiwemo, na mimi nitasoma picha kwa uangalifu ule ule.

Akikataa kabisa, uamuzi ni wake, lakini bado una njia. Usitaje hali, taja kitu cha kutafutwa: “Homa na kukonda, wiki 6. Nashuku TB. Tafadhali angalieni tezi za katikati ya kifua na vidoa vidogo vilivyotapakaa. Eksirei ikiwa safi, nishaurini kipimo kinachofuata.” Hapo hujatoa siri ya mtu, nami nimeshajua pa kutazama, na makohozi yake wewe yapeleke maabara yapimwe TB siku hiyo hiyo bila kuningoja.